Mwongozaji Aliyeelekea Ukutani

Chumba chake kilikuwa juu ya duka la kaka yake, mtaa wa Hayes, London, karibu mno na uwanja wa ndege, hata ndege ikipita vikombe hutetemeka juu ya visahani. Ndani mlikuwa na televisheni, deki mbili za video zilizounganishwa kwa waya, na viti viwili. Kimoja kilielekea televisheni, kingine kilielekea ukutani. Cha televisheni kilikuwa changu. Cha ukutani kilikuwa cha Dairekta.

Sisi wanawake wa Kizanzibari wa London tulimwita hivyo kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha mwenyewe, na kwa sababu tulipenda kumcheka. Alikuwa Mhindi wa kwetu, kazaliwa Unguja mjini, mtaa wa pili kutoka kwa mama yangu. Alikwenda Bombay bado kijana kuitafuta senema, akaipata, nayo ikamchezea mpaka ikamchoka. Aliongoza picha tatu. Ya kwanza ilipendwa, ya pili ilizomewa, ya tatu haikumalizika kwa sababu mchezaji wake mkubwa aliondoka katikati akaenda kucheza ya mtu mwingine. Akaja London kwa kaka yake, apumzike kidogo halafu arudi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zake ziliishia kwenye ghala la mizigo ya ndege, akipanga masanduku siku za kazi, na mwisho wa wiki akipiga kanda za harusi.

Harusi za Kihindi alizipiga mwenyewe, na alizipiga vizuri. Zetu ndizo zilizomtia mashakani. Kwetu harusi ni ya wanawake. Ukumbi ukishajaa, mabuibui yakatundikwa, nywele zikafunguliwa, watu wazima wakajifunga leso za viuno kucheza ngoma za ndani, hapiti mwanamume. Na kama mwanamume hapiti, basi na jicho lake halipiti. Kanda yenyewe, hata ikishatoka nje, ni ukumbi ule ule. Alielezwa hilo mwanzoni kabisa, watu wakidhani atakwenda zake. Yeye akauliza kama kuna msichana asiyetetemeka mikono.

Msichana huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, Woolwich, kuwaogesha na kuwageuza, na mikono yangu ilikwisha zoea uzito. Nilibeba kamera begani nikaingia ndani, yeye akabaki koridoni, na kila baada ya muda nilitoka kumweleza kilichoko. Aliniuliza nani kakaa wapi, taa iko upande gani, mama wa bibi harusi anamtazama nani. Kisha alinituma. "Nenda kampige yule bibi anayejitanda mtandio. Usimfuate. Mngoje aje kwako." Ikawa hivyo kila harusi, Dairekta akiongoza picha iliyokuwa nyuma ya mlango.

Kukata kanda ndiko kulikokuwa kioja. Atakikata vipi kitu asichoruhusiwa kukiona? Alikigeuza kiti chake kuelekea ukutani, basi. Mimi nilikaa mbele ya televisheni, kidole juu ya kitufe, naye akasikiliza. Mpiga ngoma akianza kuchoka, Dairekta alijua kabla ya mpigaji mwenyewe.

"Nani kwenye picha?"

"Shangazi mtu."

"Anatazama wapi?"

"Mlangoni."

"Mpe pumzi. Kidogo tena. Hapo, kata."

Na nilipoitazama kanda baadaye niliona kweli hapo ndipo. Ungeacha zaidi ungemchosha mtazamaji, ungekata mapema ungemnyima mtu uso wake.

Wanawake hawakumwamini hivi hivi. Shangazi yangu alifunga safari kutoka Woolwich mpaka Hayes, mabasi kwa treni, kuja kukagua chumba. Alikaa kwenye kile kiti cha ukutani akageuza macho huku na huku kama polisi. Ukutani palitundikwa picha ya wazazi wa Dairekta, imetiwa kioo, na ndani ya kioo televisheni ilionekana, ndogo lakini ilionekana. "Hebu na hiyo nayo," alisema shangazi. Dairekta akawashusha baba na mama yake akawasimamisha sakafuni, wamegeuka. Hawakurudi juu tena. Pakabaki msumari mtupu, na huo msumari ndio aliokuwa akiutazama kila tulipofanya kazi.

Imani ilikuja siku moshi wa udi ulipoiamsha kengele ya moto katika ukumbi mmoja wa Peckham. Zimamoto walipanda ngazi na mabuti yao, wanaume wazima na shoka, na wakamkuta Dairekta kaziba mlango kwa mikono miwili. Aliwaambia kwa Kiingereza chake cha shule kwamba moto, kama upo, utawasubiri wanawake wavae. Tulivaa kwa vicheko na vilio, buibui la huyu kwa yule. Tangu siku ile hakuna aliyekuja kukagua kitu Hayes.

Mmoja tu ndiye aliyekataa kupigwa, naye alikuwa mama yangu. Kila nilipomwelekezea kamera aliinua leso akajifunika uso. Nilidhani ni haya za utu uzima tu. Kisha siku moja nilimtajia jina ambalo Dairekta alilitumia kwenye picha zake. Mama alikuwa akichambua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Huyo ndiye aliyemrudisha yule mume," alisema.

Ile picha yake ya kwanza sikuiona, nilikuwa mdogo mno, lakini naijua kuliko zote nilizoziona, kwa kuwa nimelelewa nayo. Ilifika Unguja muda si mrefu kabla ya Mapinduzi, na mji mzima uliiendea kwa sababu mtoto wa kwetu ndiye aliyeitengeneza. Mama alikwenda na baba usiku, halafu akaenda tena na tena maonyesho ya alasiri ya wanawake. Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Mume anakwenda kufanya kazi mji wa mbali, treni inaanguka, watu wanakuja kumpa mkewe mkono wa tanzia. Mke anakataa kuupokea. Kila usiku anaurudisha mlango tu, haukomei, na majirani wanamwona mwendawazimu. Mwishowe, mlango unasukumwa, mume anaingia. Mama alisema wanawake walipiga vigelegele mpaka mwenye senema akawasha taa kuona kuna nini.

Mapinduzi yalipokuja, walikuja watu nyumbani wakamwambia baba anahitajiwa kwa maswali machache. Alivaa kofia yake akatoka nao. Hatukumwona tena, wala maiti yake, wala mtu wa kutuambia yuko jela gani au kazikwa wapi. Na mama, mwanamke mwenye akili zake, aliyejua kuhesabu na kusoma, akaanza kuurudisha mlango bila ya kuukomea. Subira yavuta heri, watu walimwambia. Ya mama ilivuta wezi. Walichukua redio, wakachukua saa ya ukutani, wakarudi kuchukua cherehani, na yeye kesho yake akaurudisha mlango vile vile. Mjomba alipopata njia ya kututoa, mimi na mdogo wangu, kupitia Mombasa mpaka London, mama ilibidi avutwe mkono. Kitu cha mwisho alichokifanya Unguja ni kuhakikisha komeo halikuangukia mahali pake.

Nilidhani tumeliacha jambo lile kule. Wapi! Council, serikali ya mtaa, walitupa fleti Woolwich, ghorofa ya tatu, kwenye majengo ambayo hata polisi walipita wakitazama nyuma yao, na mlango wake ulikuwa wa kujifunga wenyewe. Mama alikunja kipande cha boksi akakibana kwenye kufuli ili ulimi usiingie. Nilikitoa, akakirudisha. Nilipiga kelele, akaninyamazia. Tuliibiwa mara ya kwanza nikenda sokoni nikanunua komeo la chuma, zito, nikalipigilia misumari mwenyewe kwa hasira. Hakuligusa hata siku moja. Nilikuwa nikirudi kazini, mgongo umekatika kwa kuwageuza wazee wa watu, napanda ngazi na hofu ya nitakachokikuta, na kila siku nakuta mlango umerudishwa tu na mama kakaa ndani anautazama. Nasema kweli tupu, kuna siku nilimchukia. Nilimchukia na baba pia, kwa kutokufa mbele ya macho ya watu. Mtu aliyefiwa hukaa eda ikaisha. Mama hakuambiwa aanze lini.

Basi ndiyo maana, alipojua kwamba mwenye ile picha yupo Hayes na mimi ndiye mkono wake, aliniambia neno moja. "Asinione."

Harusi ya mdogo wangu ilifanyika Woolwich, kwenye ukumbi uliokuwa juu ya maduka. Mama alishughulika tangu asubuhi kama mwenye harusi, akapanga visahani vya halua, akagombana na wapiga ngoma, akamfukiza udi bibi harusi. Leso ilikuwa begani tayari kwa kamera. Kisha, ngoma ilipopumzika, nilimwona anakwenda mlangoni. Nilimfuata. Aliufungua kiasi cha kupitisha sauti tu. Yeye ndani, Dairekta koridoni, ubao kati yao.

"Bwana," alisema mama, "weye ndiye uliyetengeneza ile picha ya mlango?"

"Ndiye mimi, Bi mkubwa." Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kwetu, cha zamani kuliko changu.

"Nina swali moja tu. Yule mume ulimrudisha kwa nini?"

Chini, basi lilisimama likaondoka.

"Sikumrudisha miye," alisema. "Picha yangu haikwisha vile. Mwanamke anaamka asubuhi, anautazama mlango, anakwenda anaukomea. Halafu anakwenda jikoni anawasha jiko. Basi, hapo imekwisha. Mwenye fedha zake akasema, nani atakata tikiti kuja kumtazama mwanamke anakomea mlango? Akamtia mume. Miye siku hiyo nilikataa kwenda studio, wakapiga bila yangu."

"Kwa hiyo hakurudi."

"Hakurudi, Bi mkubwa. Alikufa kwenye treni."

"Na jina lako ukaliacha pale pale."

"Nililiacha. Ilikuwa picha yangu ya kwanza."

Mama aliuegemea ule ubao. Nilidhani ataanguka, nikamshika. "Nimeacha mlango wazi umri wangu wote," alisema, "kwa mume wa kutiliwa." Hakupaza sauti. Kisha akaufunga mlango, akanigeukia mimi, akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Leo nipige. Lakini yule asione. Nikiwa hai wala nikiwa maiti. Hiyo amana yako."

Akaenda kwa wapiga ngoma akawaambia wapige msondo, ngoma ya unyago, ya viuno. Hakuna aliyepata kumwona mama akicheza, isipokuwa shangazi, na shangazi alikwisha kusahau. Alijifunga leso kiunoni, akavua viatu vyake vya Kiingereza, akaingia katikati. Mwanzo watu walinyamaza kwa aibu, kama umemkuta mtu mzima akilia. Kisha wakaelewa. Kiuno kile kilikuwa kimeficha ngoma tangu baba alipotoka na kofia yake, na sasa kilikuwa kinaitoa yote. Alicheka huku machozi yanateremka, na hakujifunika. Alinitazama mimi, yaani alitazama kamera, mpaka nikatamani kuizima. Niliambiwa nisimfuate mtu, nimngoje. Nilimngoja, na akaja.

Tulipoikata kanda ile, Dairekta alikuwa mahali pake, mbele ya msumari. Msondo ulipoanza aliinua kichwa.

"Miguu ya nani hiyo?"

"Ya mama."

Nilingoja aniulize anatazama wapi. Hakuniuliza. Ngoma ilikwenda mpaka ikaisha, vigelegele vikaja vikapita, na yeye hakusema kata hata mara moja. Tuliiacha nzima kama ilivyo.

Kanda ile ilisafiri kuliko sisi. Mtu alimkopesha mtu, akaitoa kopi, kopi ikatolewa kopi. Ilifika Muscat, Dubai, Toronto. Wanawake waliopotelewa na waume, na kwetu si wachache, waliketi pamoja wakaitazama wakalia kilio walichonyimwa. Walikuja mpaka dukani Hayes kumshukuru. "Dairekta, umetutoa machozi," walimwambia, na yeye alisimama nyuma ya magunia ya mchele akitabasamu kama mtu anayesifiwa mtoto ambaye hajapata kumwona. Bombay walimzomea, kwa kaka yake walimwona mzigo, na sasa alikuwa na picha inayopendwa duniani, na kila mwenye kuipenda aliruhusiwa kuitazama isipokuwa yeye.

Mama alikufa majira ya baridi ya mwaka ule. Alianza kwa kikohozi. Hakupigana nacho. Daktari alizungumza habari za mapafu, lakini mimi nilikuwa na daktari wangu kichwani, naye aliniambia kwamba kungoja ndiko kulikokuwa kunamweka hai, na kwamba Mhindi wa watu, kwa maneno yake ya koridoni, amemwondolea. Nilimwonea uchungu Dairekta hata nikashindwa kumtazama usoni. Bahati nzuri kazi yetu haikuhitaji nimtazame. Niliendelea kwenda Hayes, niliendelea kubonyeza, na kuna jambo moja la usiku ule wa harusi nililolizuia nisimwambie. Nilisema moyoni, hili hatalipata.

Miaka ikapita. Kanda za harusi kila mtu akawa anajipigia mwenyewe, Dairekta akazeeka, moyo wake ukachoka. Siku moja kaka yake alinipigia simu kwamba kalazwa na ananiita. Nilikwenda nikijua anachokitaka. Alikuwa kwenye chumba cha peke yake, na chumba cha peke yake hospitali hupewi kwa wema.

"Nionyeshe," alisema. "Mara moja."

"Unajua siwezi, Ami." Nilimwita hivyo, kama ndugu wa baba yangu.

"Miguu tu. Ziba juu kwa karatasi, nionyeshe miguu."

"Ami, usinifanye hivi."

"Nimetengeneza picha tatu," alisema, "na zote tatu naona haya nazo. Moja nimeharibiwa, moja nimeharibu mwenyewe, moja sijui iko wapi. Nakufa na kitu gani? Niambie weye. Nakufa na msumari?" Kisha akaanza kulia, mzee mzima, na kunishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama wa wale wazee wangu wa Woolwich wanapokaribia. "Nilimwambia neno siku ile, mama yako. Nataka kuona nilimfanya nini. Sitaki kingine. Nataka kuona uso wake."

Nilitoka nikakaa kituo cha basi nikaacha mabasi yapite. Nilimkasirikia yeye kwa kuomba, nikamkasirikia mama kwa kufa na funguo. Amana ya mtu aliye hai unaweza kumrudia ukamwambia nipunguzie. Ya maiti utampelekea nani?

Nilianza na walio hai. Mdogo wangu alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mtu anakufa, mwonyeshe, kuna nini. Shangazi, yule yule wa kioo, alinifokea kwanza, halafu akasema yeye keshaona mengi, jicho la mgonjwa halimdhuru. Waliobaki kwenye kanda walitoa ruhusa mmoja mmoja, wengine wakilia kwenye simu. Akabaki mama. Nilimwambia shangazi, "Na mama?" Akanijibu, "Mama yako alikwisha kusema. Usiniulize mimi."

Nilikwenda hospitali na kanda mkobani. Nilikwisha amua. Nilijiambia mama atanisamehe, na asiponisamehe basi nitakwenda naye huko huko tukagombane kama tulivyokuwa tukigombana kwa kile kipande cha boksi. Niliwaomba manesi ile televisheni ya magurudumu iliyokuwa na deki chini yake, nikaisukuma mpaka chumbani, nikaichomeka umeme. Dairekta alinitazama muda wote. Alikuwa amepungua tangu wiki iliyopita, macho tu ndiyo yaliyobaki na ukubwa wake.

"Wameridhia?" aliuliza.

"Wameridhia."

"Wote?"

"Wote," nilisema.

Alinitazama kama alivyozoea kuwatazama wachezaji wake, nadhani, zamani alipokuwa na wachezaji. "Mwanangu," alisema, "hiyo shoti ningekurudisha uirudie. Hujui kusema uongo."

Nililia pale niliposimama, kanda mkononi. Yeye akaanza kugeuka. Nilidhani anataka kuteremka kitandani, nikamkimbilia. Kumbe alikuwa anaugeukia ukuta. Ilimchukua muda, kwanza bega, halafu nyonga, anapumzika, anaanza tena, mipira ya dawa ikimvuta nyuma. Nimegeuza wagonjwa maisha yangu yote, naujua uzito wa mtu anayejigeuza mwenyewe. Sikumsaidia, kwa sababu sikuweza kumsaidia kwa hilo. Alipofika ukutani alipumua akasema, "Anza."

Niliiwasha kanda. Ukumbi wa Woolwich ukajaa kile chumba cheupe, vijiko, visahani, mdogo wangu mwembamba ndani ya nguo yake ya kijani. Nesi aliingia na chai. Aliona televisheni inacheza na mgonjwa kaipa kisogo, akasikitika, akaniuliza amgeuze ili naye aone?

"Hapana, ahsante, sister," Dairekta alimjibu kwa Kiingereza, uso ukutani. "Niko kazini."

Msondo ukaanza. Mama aliingia katikati na leso yake kiunoni, mchanga kuliko nilivyomkumbuka, karibu umri niliokuwa nao mimi pale hospitali. Niliitazama miguu yake kwenye kioo cha televisheni, nikautazama mgongo wa yule mzee uliotokeza mifupa chini ya nguo ya hospitali, na uchungu wangu wote niliokuwa nimeushikilia ukanitoka mkononi. Alikuwa ameomba kuona alimfanya nini mama. Kulikuwa na jibu, na halikuwa kwenye kanda. Lilikuwa kwangu, nimelificha kwa chuki.

"Ami," nilisema. "Siku ile tuliporudi nyumbani kutoka harusini, mama alikitoa kile kipande cha boksi alichokuwa akikibana mlangoni. Akakomea."

Hakutikisika. Nilifikiri hakunisikia, ngoma ilikuwa juu.

"Ulimwona?" aliuliza.

"Nilisikia. Nilikuwa jikoni. Komeo la chuma, halikuwahi kuguswa, lililia kwa kutu."

"Halafu?"

"Halafu akaja jikoni, akaniambia nimpishe, akawasha jiko. Akateleka chai."

Kwenye kanda wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, na mama alikuwa ananitazama, anacheka na machozi yake. Dairekta alinyanyua mkono mmoja kutoka kwenye shuka, vidole vimenyooka, kama alivyofanya Hayes mbele ya msumari.

"Mpe pumzi," alisema. "Kidogo tena."

Nilimpa.

"Hapo. Kata."

Nikabonyeza.